Salamu Zisizokatika

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, ila hali yako naijua. Umetoka hapa saa nane na nusu mchana, umevaa ndala zangu, unakwenda Nyasubi kumuaga shangazi yako, na umeniachia sanduku lililokataa kufunga. Nimelifunga. Ilibidi nilikalie. Mambo ya kutokula ovyo njiani na kutompa mgeni simu akushikie sitayaandika, kwa sababu shangazi yako anakuambia hayo yote sasa hivi, na akianza yeye huwa habakizii mtu neno.

Mimi nina jambo moja tu. Asubuhi, ulipokuwa unafua, nilikaa kwenye ile kompyuta ya sebuleni tuliyoigeuza seva, nikapitia orodha ya programu zinazofanya kazi kimyakimya, zile ambazo hakuna anayezifungua wala kuzifunga. Nafanya hivyo kila Jumamosi. Wewe ulidhani mzee ameacha. Nikakuta moja nisiyoijua, umeipa jina "salamu". Nikaifungua, nikaisoma yote. Na ile laini yako ya pili uliyosema imepotea sokoni nimeiona. Imo ndani ya modemu.

Sijaizima. Lakini siitaki, na sababu ya kutoitaka nimekuficha miaka saba. Ni habari ya bibi yako, na ya uongo niliokuambia siku tulipomzika. Ukishaijua huenda ukaniona mtu mwingine, na kesho alfajiri unaondoka kwenda Dodoma, hatutapata muda wa kuzoeana upya. Naogopa hilo. Ndiyo maana nimechukua kalamu, sikungoja urudi tukae tuongee.

Kwanza nikusifu, maana kazi ni nzuri. Umeandika salamu arobaini. Kila asubuhi programu inachagua moja, hairudii ya jana, na dakika za kutuma zinabadilikabadilika ili nisishtuke kwamba ni mashine. "Shikamoo baba, nimeamka salama." "Shikamoo baba, Dodoma leo ni upepo mtupu." Nikacheka nilipofika kwenye ile ya "nimekumbuka ugali wako ulioungua". Kisha nikakuta hii: "Shikamoo baba, samahani jana nilichelewa kuandika, nilichoka." Hapo nikaacha kucheka. Umeniomba msamaha wa kuchelewa wakati bado hujachelewa. Na juu ya yote umeiwekea msimamizi, programu ya pili inayoichungulia kila dakika, ikiikuta imekufa inaiwasha upya. Hata umeme ukatike na kurudi, salamu zitaendelea tu.

Siwezi kukukasirikia. Najua zamu zako huko kazini zitakuwa ndefu, na najua uliniwaza mimi, mtu mmoja kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilikulea katikati ya nyaya, na hili umelitoa kwangu, ingawa hukuniona nikilifanya.

Unakumbuka nilipokuwa natunza seva ya ile maabara ya kupima mawe. Wachimbaji wadogo walileta mawe yao kutoka Geita na machimbo ya huku kwetu, maabara ikayasaga na kuyapima yana dhahabu kiasi gani, na majibu yakiwa tayari programu iliyatuma kwa ujumbe wa simu. Mchimbaji alingoja ujumbe ule ajue kama aendelee kushuka kwenye duara lake, shimo alilochimba, au alifukie ahamie kwingine. Ilikuwa programu ndogo, niliiandika mwenyewe, na ilikuwa na tabia ya kufa. Umeme ukicheza, inakufa. Modemu ikipata joto, inakufa. Nami nilikuwa fundi peke yangu, wiki hii hapa Kahama, wiki ijayo kwenye tawi la Kalangalala kule Geita.

Bibi yako alikuwa kijijini kwetu Ushetu, kwenye ile nyumba yenye bani la kukaushia tumbaku nyuma. Hakutaka kuhamia mjini. Alisema mjini watu wanapishana kama ng'ombe wa mazizi tofauti. Kwake yeye salamu haikuwa neno moja, unamkumbuka. Ukimwambia mwangaluka atakuitikia, atakuuliza umelalaje, atakuuliza wa nyumbani, atakuuliza mifugo hata kama huna mifugo, ndipo mazungumzo yaanze. Ukimkatiza anakuambia urudi mlangoni uingie upya.

Mama yako alipokwenda kuishi Tabora, na wewe ulipoanza bweni, bibi yako aliniambia anataka salamu yangu kila siku, ajue nimeamka. Kupiga simu kila asubuhi nikaona kazi. Nikafanya jambo nililoliona la akili sana. Ile programu ya majibu ya maabara ilikuwa tayari inajua kutuma ujumbe, basi nikaiongezea kazi moja: kila siku saa moja kamili, itume kwenye simu ya Mama Kulwa, jirani yake, "Mwangaluka mayu. Nimeamka salama. Siku njema." Bibi yako hakujua kusoma, kwa hiyo Mama Kulwa akawa anamsomea. Nilimwambia namba ile ni ya ofisini, ndiyo ninayotumia nikiwa kazini.

Mwanzoni programu ilikuwa inakufa mara mbili tatu kwa wiki. Ikifa, salamu haiendi. Salamu isipokwenda, haipiti saa nzima simu yangu inalia. Ni Mama Kulwa, na nyuma yake namsikia bibi yako akisema nipe, nipe. Akishashika simu ananiuliza kama leo sikuamka. Namjibu nimeamka mayu, ni mtandao tu. Basi tunaongea. Ananiambia kuku wa nani kachukuliwa na mwewe, nani kaposa wapi, mahindi yamefika kimo gani, goti lake linasemaje. Mimi huku naangalia saa. Nilikuwa naziona simu zile ni usumbufu, Kabula, wakati ndizo siku pekee mama yangu na mimi tulizokuwa tunaongea. Mashine ikiwa nzima hatukuongea.

Halafu kiangazi kimoja alikuja mchimbaji kutoka Geita kufuatilia majibu yake. Nikatazama kwenye kompyuta, nikaona programu inafanya kazi, nikamwambia akae angoje, ujumbe utafika. Akakaa getini siku nzima. Kesho yake akarudi. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama namtazama yeye au natazama kile kioo. Nikaingia ndani kuchunguza vizuri, kumbe programu ilikuwa imeganda. Haikufa, ila ilikuwa haijatuma chochote tangu juzi yake. Vijana wake walikuwa wameshaanza kulifukia duara wakidhani majibu ni mabaya. Meneja alinisema mbele ya watu na nilistahili.

Wiki ile nikajifunza kuweka msimamizi, kama huyu uliyemweka wewe. Programu ikifa, aiwashe. Ikiganda, aiue kwanza kisha aiwashe. Seva ikizimika na kuwaka, yeye awe wa kwanza kuamka na kuwaamsha wengine. Akafanya kazi vizuri mno. Ukurasa wake ulikuwa na alama za kijani kutoka juu hadi chini, nami nikajisikia kama mtu aliyemaliza kuezeka kabla ya mvua. Hakuna mchimbaji aliyekuja tena kulalamika getini.

Na salamu ya bibi yako haikukatika tena hata siku moja, kwa hiyo Mama Kulwa hakupiga tena.

Sikuliona hilo. Nilichoona ni kwamba nimepata nafuu. Kazi za Kalangalala zikaongezeka, nikawa nalala kule wiki mbili, wiki tatu. Zamani kila mwisho wa mwezi nilikwenda Ushetu. Nikaruka mwezi mmoja, nikaruka wa pili, mwishowe nikaacha kuhesabu. Moyo ukianza kunisuta, nafungua ule ukurasa, naona kijani, natulia. Elewa vizuri hapa. Sikumsahau bibi yako. Nilimkumbuka kila siku kwa kuhakikisha kwamba programu ipo hai.

Machi, mvua zikiwa kubwa, Mama Kulwa alinipigia kwenye namba yangu. Nilikuwa Kalangalala juu ya ngazi, nafunga waya. Akasema, "Baba Kabula, njoo. Mama ametutoka alfajiri."

Nikamuuliza ametutoka vipi, mbona jana kaamka salama. Nilisema hivyo kweli. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba aliyekuwa akiamka salama kila siku ni mimi. Yeye sikuwahi kumuuliza ameamkaje.

Mama Kulwa akasema, "Si tulikuandikia?"

Siku ya maziko ulikuwa umevaa sweta la shule kwa sababu hukupata muda wa kubadilisha. Ulinishika mkono tukitoka makaburini ukaniuliza, "Baba, kwani hukujua bibi anaumwa?" Nikakujibu, "Mtandao wa huku mbaya, mwanangu." Ulikubali. Ushetu nzima ilikuwa inalalamikia mtandao, kwa hiyo uongo wangu ulikaa vizuri. Ukanifuta machozi kwa mkono wa sweta, ukaniambia si kosa langu. Ulinifariji kwa uongo wangu mwenyewe, na mimi nikakuacha unifariji. Mama Kulwa alikuwa anatembea karibu yetu, akasikia kila neno, na hakuniumbua.

Baada ya matanga nikarudi kazini nikafungua kitu ambacho sikuwahi kukifungua. Programu yangu ilijua kutuma tu. Yaliyoingia yalikuwa yanahifadhiwa kwenye folda moja, na sikuwa na sababu ya kuitazama, maana hakuna mchimbaji aliyewahi kuyajibu majibu ya maabara. Humo ndani nikamkuta Mama Kulwa, siku baada ya siku, miezi minane.

Jumbe za mwanzo zilikuwa za furaha. Mama anauliza Kabula anafunga shule lini. Mama anasema kuku mwekundu ametotoa tisa. Kisha: mama anauliza mbona hujibu alichokuuliza jana. Kisha nikakuta hii, ambayo naijua kwa moyo: "Mama anasema kila siku unaandika maneno yale yale. Anauliza una shida gani mwanangu."

Bibi yako hakuwaza mashine. Angewazaje? Katika maisha yake yote hakuwahi kusalimiwa na kitu kisicho na pumzi. Aliona mtu mzima anayesema maneno yale yale kila siku, akiulizwa jambo halijibu, mvua ikinyesha haitaji mvua, akahitimisha kwamba mtu huyo ana kitu kinamla na hataki kukisema. Akaanza kunihangaikia. Mama anauliza kama umefukuzwa kazi, usione aibu, rudi nyumbani. Mama anauliza kama ni pombe. Mama amekwenda parokiani kukuwekea nia ya misa, amerudi amelowa. Unajua parokia ile ilivyo mbali na nyumbani, na unajua goti lake. Alikwenda kwa miguu kumwombea mtu ambaye hakuwa na shida yoyote, aliyekuwa amekaa Kalangalala anakunywa chai.

Baada ya hapo zikafuata za kikohozi. Mama leo hajala. Mama anahema vibaya. Na ya mwisho, Mama Kulwa anasema yeye anataka kunipigia ila mama amemkataza. "Anasema tusikusumbue. Tumeshakuandikia, na wewe unaandika kila asubuhi, kwa hiyo umesoma. Ukipata nafasi utakuja."

Sijui kama ni mvua ile ya parokiani. Alikuwa mzee, na hakuna daktari aliyeniambia. Ninachokijua ni kwamba alikufa akiamini nimesoma na sijaja. Hilo halina tiba, nimelitafutia nikakosa. Majuto ni mjukuu, walisema, lakini wangu hakui wala hahami.

Mwaka jana nilikwenda kwa Mama Kulwa nikamweleza yote. Nilijiandaa kwa kila aina ya neno. Aliendelea kupepeta mchele wake, akasema, "Nilijua tangu siku ya maziko. Saa moja ujumbe wako uliingia, na wewe umekaa mbele yangu, mikono yako mitupu." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikuona huna pa kuliweka." Akanipa mchele niende nao nyumbani. Ndio ule tuliokula Pasaka ukasema una mawe.

Kesho kutwa utaingia kwenye chumba chenye seva nyingi kuliko nilizowahi kugusa maisha yangu yote, na kila moja ina msimamizi wake. Kazi utaiweza. Ulipokuwa unajifunza ulininung'unikia sana kwamba nakulazimisha ufungue folda za majibu kila asubuhi, ukaniita mshamba. Ulinung'unika pia nilipokuambia umwekee msimamizi kikomo: akiiwasha programu mara tatu na mara tatu ikafa, aiache imelala, amwite mtu aje aangalie. Ukaniuliza kuna faida gani kuacha kitu kimekufa wakati unaweza kukiwasha. Nikakujibu kwamba msimamizi anajua kuinua tu, hajui kwa nini kitu kimeanguka. Jibu lilikuwa la kweli, ila sikukuambia nilijifunzia wapi, na wewe ulidhani nimelisoma kwenye kitabu.

Mimi si mtu wa kukuambia mashine ni mbaya. Mashine imetulisha na kukusomesha. Tena kama kuna mtu wa kulaumiwa kwenye habari hii, mashine haimo, yenyewe ilifanya kila nilichoiambia. Ubaya wake nautambua kwenye kitu kimoja tu, nacho ni hiki: salamu zako ningezifurahia. Ningeamka nisome kwamba umekumbuka ugali wangu, nicheke peke yangu jikoni, halafu nikae chini nikujibu kirefu, nikuulize unakula nini, kiatu kimekubana, bosi wako mtu wa wapi. Nimeangalia, Kabula. Programu yako nayo haisomi majibu. Hukuiwekea pa kuyasomea, kama mimi sikuiwekea yangu.

Nitakuwa mpweke. Sina namna ya kulizungushia. Leo asubuhi nimekusikia unafua na kuimba vibaya, nikazima redio ili nikusikie vizuri. Wiki ya kwanza najua nitapika chakula cha watu wawili. Nitaita jina lako nikitafuta koleo, maana wewe ndiye unayejua koleo liko wapi. Umeliona hilo kabla yangu, ndiyo maana ukaniandikia salamu arobaini, na najua zilikuchukua siku nyingi, na najua ni upendo. Wangu kwa bibi yako nao ulikuwa upendo.

Barua hii nimeiweka juu ya kibodi, utaiona ukirudi. Isome ukiwa peke yako. Mimi nitakuwa nje nabadilisha tairi la baiskeli, sitaingia mpaka uniite, na usiponiita sitaingia. Kama kesho asubuhi utashindwa kunisalimia, usijilazimishe. Nitakubebea sanduku hadi stendi vilevile, na ukitaka tusiongee njiani hatutaongea.

Programu uizime mwenyewe, mimi sitaigusa. Na usiniahidi kunipigia kila siku, kwa sababu hutaweza. Utapata marafiki, utatoka zamu umechoka, kuna siku hutanikumbuka asubuhi hadi jioni. Hiyo ni haki yako, nisahau. Ila siku utakayonisahau, mwanangu, acha niione. Simu isilie, nikae nayo, nijue leo Kabula hakunikumbuka. Itaniuma. Halafu nitakupigia mimi.

Baba yako,
anayekungoja uani